Karatasi ya Ishirini na Tatu

Mtunza nyaraka amenipa glavu nyeupe,
akavuta droo, akaniacha na miaka tisini.
Nje, mvua ya Kopenhageni inapiga baiskeli.
Ndani, Grinlandi imelazwa chali,
karatasi juu ya karatasi, milima ya kwetu
imetiwa namba pembeni kama nguo za dobi.

Aliyechora ni Asger Lindvig, kijana wa mabega membamba,
aliyeajiriwa na msafara wa mabingwa wa mawe
baada ya kamera yao kupasuka kioo siku ya tatu.
Kazi yake ilikuwa kuchora kilichopo,
asitie chumvi.

Rangi za maji ziligandia kwenye brashi.
Akaomba spiriti, ile ya kuhifadhia samaki wa sayansi,
akaichanganya na buluu. Kiongozi akafoka:
ama samaki, ama mbingu!
Ndiyo maana mbingu ya karatasi ya saba imeishia njiani,
na samaki wawili, kwa hesabu ya daftari,
walioza hata hivyo.

Lakini mlima wa karatasi hauna ukubwa.
Asiyeujua atauona kichuguu.
Wakamwita babu yangu, Pavia, mwenye mbwa,
wakamwambia: simama pale, chini ya mto wa barafu,
usitikisike.
Akawa rula.
Ujira, kikombe cha kahawa kwa kila mlima.

Bibi yangu Juditha, kule Upernavik,
alikuwa akilisimulia hili huku akipangusa machozi ya kicheko:
Eti wageni wamemfundisha Pavia kutulia!
Mtu anayesimama nusu siku juu ya tundu la sili,
chusa mkononi, pumzi kaibana,
hadi theluji inamtua mabegani
ikidhani ni jiwe.

Nimemtafuta kwa lenzi.
Karatasi ya kwanza, yuko,
mdogo kama kope iliyomdondoka mchoraji.
Ya nne, yuko. Ya kumi na moja wamempandisha mwambani.
Uso hana. Rula ya nini uso?
Na pembeni, kwa kalamu nyekundu ya miaka ya juzi,
mikono mingine imepiga hesabu:
urefu wa mtu mara themanini na mbili,
barafu ilifika hapa.
Nami najua sasa pale pana changarawe na maji ya kijivu,
binamu yangu huegesha boti yake papo hapo.
Kumbe babu bado yuko kazini.
Tulimzika chini ya mawe, tukaimba,
nao kila asubuhi wanamsimamisha tena.

Ya ishirini na tatu, amepinda.
Goti moja mbele, bega limeshuka,
mkono umekwenda nyuma ya sikio.
Penseli ya Lindvig imetimua mbio hapo,
mistari mitatu, minne, mmoja umetoboa karatasi.
Mlima wenyewe kausahau nusu.
Chini, kiongozi ameandika kwa mwandiko wa kuudhika:
Mtu hakusimama wima. Isitumike kupimia.

Nimeisoma mara mbili, nikacheka,
mtunza nyaraka akainua kichwa.
Mbele ya goti la babu, kwenye barafu ya bahari,
kuna nukta nyeusi. Katalogi inaiita doa la wino.
Doa!
Bibi alisema siku moja mumewe alirudi bila kahawa,
mbwa wanaburuta sili mnene,
na nyuma yao mgeni mmoja mwembamba, bila glavu,
amelibeba chusa kwa mikono miwili
kama mshumaa wa kanisani.
Usiku ule alikula ini likiwa bado na joto.
Hakuomba chumvi.

Nimeagiza nakala ya hiyo moja tu.
Kwenye fomu wameuliza: matumizi?
Nimekaa na kalamu kitambo,
mvua ikaisha, ikaanza tena.
Nimeandika: ukutani, juu ya meza ya kulia,
usawa wa macho ya watoto.